Watoto Sitini na Mmoja Waliopungua Urefu

Mdogo wangu mpendwa,

Pokea salamu zangu wewe, shemeji, na yule mwanangu mwenye maneno mengi ambaye nasikia siku hizi anamsahihisha hata mwalimu wake. Sisi huku hatujambo. Mama naye hajambo; asubuhi analalamikia magoti, ikifika saa nne ameyasahau na anamgombeza kila anayepita. Wewe je? Nakuuliza hali yako, na safari hii sitaki lile jibu lako la "salama tu" la kwenye simu. Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu ungenikatiza. Kaa chini, vua viatu, na usianzie ukurasa wa mwisho, maana nakujua.

Nianze na habari njema, kwani nikizidi kuibana nitapasuka. Tumeshinda. Utafiti wetu haufungwi. Umeongezewa miaka kumi na mitano mizima, kwa maandishi, na sahihi tatu chini yake. Ungeniona nikishuka ngazi za ofisini siku hiyo ungedhani nimeteuliwa kuwa waziri. Mlinzi wa getini aliniuliza kama nimepata mchumba.

Najua ukisikia neno utafiti unakunja uso. Ulijitoa miaka saba iliyopita na ukanikataza nisikutajie tena mizani wala sindano. Vumilia leo tu. Na ili shemeji naye aelewe ukimsomea, nieleze kidogo. Mwaka uliozaliwa wewe, kila mtoto aliyezaliwa katika ile hospitali kubwa ya wazazi aliandikishwa na kupewa namba. Mlikuwa elfu mbili mia moja na kumi na wanne. Mlipimwa siku ya kuzaliwa, mkapimwa tena mlipofika miaka miwili, saba, kumi na mmoja, kumi na mitano, ishirini na mitatu, na mwaka huu mmetimiza thelathini. Shabaha ilikuwa kujua maradhi ya ukubwani, presha, kisukari, moyo, figo, yanaanzia wapi utotoni, badala ya kusubiri mtu aanguke ndipo aanze kuulizwa maswali. Ofisini kwetu hadi leo mnaitwa watoto. Mwezi uliopita nilimwambia baba mmoja mwenye kipara, "Mtoto, panda kwenye mizani," akapanda bila kubisha.

Kazi yangu unaijua. Niliingia pale miaka kumi iliyopita kama mchapaji, nikichukua fomu zenu za zamani za karatasi na kuziingiza kwenye kompyuta, na sasa ni mkaguzi wa kumbukumbu, cheo kizuri kwa mtu anayeshinda kwenye chumba kisicho na dirisha. Nina makabati kumi na mawili ya chuma, na la saba halifungi mpaka ulipige teke. Maboksi ya fomu yamepangwa hadi darini, na chumba kizima kinanuka karatasi kuukuu na dawa ya mende. Mama anasema harufu hiyo inanifuata hadi nyumbani. Mimi siisikii tena.

Tuko wengi, ila wanaohusika na habari hii ni watatu. Wa kwanza ni Profesa, ambaye aliuanzisha utafiti huu nywele zake zikiwa nyeusi. Wa pili ni mwanatakwimu wetu, tunayemwita Bwana Desimali kwa sababu ukimuuliza saa ngapi anakutajia na sekunde. Si mtu mbaya, ila anaamini namba kuliko mama yake mzazi. Wa tatu ni Nesi Mizani. Huyu lazima unamkumbuka, mrefu, mwembamba, sauti ya kengele. Ndiye aliyewapima nyote tangu mkiwa wachanga. Mlipofika miaka saba alipita nyumba kwa nyumba na mizani yake na ubao wa kupimia urefu ndani ya sanduku la mbao lililotandikwa kitambaa, amelibeba mgongoni, kwa miguu, mwaka mzima. Anastaafu mwisho wa mwezi huu.

Sasa sikiliza balaa lililotupata. Mwanzoni mwa mwaka tuliambiwa wakaguzi watatu watakuja kuamua kama utafiti uendelee. Miaka thelathini si mchezo, walisema; mmepata nini? Na kusema kweli tulikuwa hatujapata la maana. Kila Bwana Desimali alipochora mistari yake kuunganisha utoto na ukubwa, ilitoka kama nywele za mtu aliyeamka sasa hivi. Kwa mfano, kulikuwa na watu wa miaka thelathini wenye presha ya wazee na figo zinazovuja, nao wenyewe walikuwa hawajapewa majibu, na ukifungua mafaili yao ya utotoni unakuta afya tupu. Watoto wanene, warefu, hawajawahi kuumwa hata mafua. Profesa alikuwa anakaa na michoro ile mbele yake mpaka chai inapoa.

Katika kuhangaika ndipo Bwana Desimali alipowagundua sitini na mmoja. Hawa walikuwa watoto waliopungua urefu. Usicheke. Walipofika miaka saba walikuwa na sentimita kadhaa, na walipofika kumi na mmoja walikuwa na sentimita pungufu ya hizo. Yeye akasema mbele ya kikao kwamba mtoto hapungui urefu, kwa hiyo ni makosa ya upimaji, na dawa yake ni kuwafuta wote sitini na mmoja ili takwimu zitulie. Akaongeza, kwa adabu zote, kwamba huenda aliyepima alikuwa amechoka kutembea.

Nesi Mizani alikuwa amekaa palepale. Alifunga daftari lake, akatoka, na kesho yake hakuonekana. Alipotokea mchana wa siku ya pili, tukiwa kikaoni tena, alikuwa amebeba lile sanduku mgongoni, mwanamke wa miaka sitini. Kumbe alikuwa ameipeleka mizani yake, pamoja na ubao wa urefu, kwa wakaguzi wa vipimo, wale wanaokagua mizani za sokoni, na akarudi na cheti chenye muhuri kwamba hakuna kilichokosea hata gramu wala milimita moja. Alikiweka mezani mbele ya Bwana Desimali na kusema kwamba kama mizani na ubao ni vizima, basi kilichobaki ni yeye, na anaomba aambiwe wazi kama ni mwongo. Bwana Desimali alikisoma cheti mara mbili. Lakini hakubadili msimamo, kwa sababu namba zilikuwa bado zilezile.

Nilikuwa nimekaa karibu na mlango, nikiandika yanayosemwa. Nilijua kwamba wakifutwa wale sitini na mmoja hawatatafutwa tena, namba zao zitafungwa, na utafiti wenyewe utafuata njia hiyohiyo. Nikapiga moyo konde, nikanyoosha mkono, mimi ambaye kwenye vikao huwa kimya kama maji ya mtungini. Nikasema huenda mizani ilisema kweli na Nesi alisema kweli, ila mtoto aliyepanda hakuwa yeye.

Waligeuka wote. Bwana Desimali akaniuliza nimelitoa wapi wazo hilo. Nikasema ni hisia tu. Profesa akasema ananipa wiki tatu za kuithibitisha hisia yangu, na hadi hapo asifutwe mtu.

Wiki tatu hizo, mdogo wangu, sijawahi kufanya kazi namna hiyo. Nilizama kwenye maboksi mpaka vumbi likanibadilisha rangi. Nilikuwa nakumbuka kitu kimoja ambacho hakuna mwingine pale angekikumbuka, kwa sababu ni mimi niliyezichapa fomu zile. Nesi Mizani alikuwa na tabia ya kuandika pembeni kwa penseli chochote alichokiona kwa mtoto: meno mangapi ya mbele yameota upya, kovu liko wapi, alama ya kuzaliwa iko wapi. Fomu haikuwa na kisanduku cha mambo hayo, kwa hiyo hayakuingizwa kwenye kompyuta. Yalibaki kwenye karatasi, na karatasi zikabaki gizani.

Nilianza na meno. Mtoto wa miaka saba anakuwa na pengo, au jino moja mawili mapya. Fomu baada ya fomu katika wale sitini na mmoja ilisema meno manne makubwa, sita makubwa. Hayo ni meno ya mtoto wa miaka tisa au kumi. Kisha makovu. Mtoto mmoja alikuwa na kovu refu gotini akiwa na saba, na alipofika thelathini goti lake lilikuwa laini kama la mtoto mchanga. Nilimwita Nesi Mizani, nikampangia fomu zake mezani. Alizisoma kwa kidole, moja moja, zaidi ya saa nzima. Halafu akavua miwani na kusema maneno ambayo Profesa baadaye aliyaandika kwenye ukurasa wa kwanza wa ripoti: "Nilipima sawasawa. Nilimpima mtoto niliyepewa."

Ikabidi tuwatafute akina mama. Mimi na Nesi Mizani tuligawana simu, na palipokuwa hapana simu tulikwenda wenyewe. Nilidhani watakataa. Wapi! Wengi walicheka mpaka wakashika mbavu. Mmoja alisema wake siku hiyo alikuwa hoi kitandani na homa, na nesi alishafika mlangoni anatoka jasho, amebeba sanduku zito, angemrudishaje bure? Akampeleka kaka yake. Mwingine alisema aliogopa mtoto akikosa kupimwa atanyang'anywa ile kadi ya matibabu mliyokuwa mnapewa, na kadi ile ndiyo aliyoitegemea kumtibu. Mama mmoja mwenye pacha wagonjwa alimpitisha binti yake mkubwa mara mbili, mara ya pili amemgeuzia shati. Hakuna aliyedhani amefanya kosa. Waliona aibu kumwangusha Nesi, basi, wakampa mtoto wa kupima.

Unaona jambo lenyewe lilivyokuwa? Watoto waliobadilishwa walikuwa wale wagonjwa. Wazima hawakuwa na haja ya kubadilishwa. Kwa hiyo kwa miaka ishirini na zaidi, wale hasa ambao utafiti uliwatafuta walikuwa wamefichwa nyuma ya kaka zao na dada zao wanene, kwa heshima tu ya mgeni.

Tuliwaita wote waje wapimwe upya. Kati ya sitini na mmoja, tisa yalikuwa makosa ya uchapaji, na sita kati ya hayo, nakiri, ni ya kwangu. Hamsini na mmoja walikuwa kweli mtu mwingine amepimwa kwa jina lao. Mmoja hatujampata, na huyo nitamfikia. Katika hao hamsini na mmoja, ishirini na saba wana presha na figo zinazovujisha protini, na hakuna hata mmoja aliyekuwa anajua. Walikuja wakicheka, wakatoka wameshika vyeti vya dawa. Tulipowauliza mama zao siku ile mtoto alikuwa anaumwa nini, majibu yalifanana mno: aliumwa koo, halafu uso ukavimba asubuhi, mkojo ukabadilika rangi, akapona baada ya wiki chache na watu wakasahau. Figo hazikusahau. Bwana Desimali alipoondoa vipimo vya uongo na kuweka habari za kweli, ule mstari wake ulipanda vizuri kutoka utotoni hadi ukubwani. Aliuchora mara nne kwa kutoamini. Kisha akaondoka mezani kwake, akaenda moja kwa moja hadi kwenye chumba cha Nesi Mizani, akavua viatu, na kumwomba ampime yeye. Alipimwa. Ni mfupi kwa sentimita mbili kuliko alivyokuwa akitutangazia, na ameandikwa hivyo.

Na jambo linalonifurahisha kuliko yote ni hili. Katika wale ishirini na saba hakuna aliyechelewa. Daktari wa figo amewaona wote, anasema kwa dawa na chumvi kidogo watazeeka na figo zao wenyewe. Yule baba mwenye kipara ni mmoja wao. Alirudi wiki iliyopita kunishukuru, amekuja na wanawe watatu, akawapanga mbele ya meza yangu na kuwaambia msalimieni huyu.

Wakaguzi walipokuja tulikuwa tayari. Chumba cha mikutano kilipigwa deki mara mbili, na Profesa alifunga tai ambayo sijawahi kuiona. Aliongea dakika arobaini bila kutazama karatasi, na michoro ilikuwa ukutani nyuma yake. Nilikuwa nimesimama na boksi la fomu mikononi iwapo wangetaka kuziona zenyewe. Walitaka. Mkaguzi mmoja, mama aliyevaa suti ya kijivu, ambaye ni daktari wa watoto, alizisoma zile penseli za Nesi Mizani, akatabasamu, kisha akauliza swali ambalo nilikuwa nalikimbia tangu mwanzo. Alitaka kujua nani aliwaza jambo hili na aliwazaje, maana wataalamu walikuwa nazo namba hizo miaka yote na hawakufua dafu.

Profesa akanionyesha mimi. Ningeweza kusema tena ni hisia. Nilimwona Nesi Mizani amekaa pale amenyooka, nikashindwa. Nikasema: "Kwa sababu mimi ni mmoja wao. Nilipimwa kwa jina la mdogo wangu."

Mdogo wangu, hapo ndipo nilipokuwa nakuleta tangu mstari wa kwanza. Yule mmoja ambaye hatujampata ni wewe.

Ulikuwa na miaka saba. Ulikuwa umelala chumba cha ndani, uso umevimba mpaka macho yamebaki mistari miwili, na mkojo wako ulikuwa rangi ya kahawa. Nesi Mizani alibisha hodi. Mama alinivuta nyuma ya pazia, akanivika gauni lako la mistari ya njano, ambalo halikufunga mgongoni, akaniambia kwa nusu saa hiyo nijibu kwa jina lako. Nilikuwa na miaka tisa, mrefu kupita umri wangu, na niliona ni mchezo mtamu. Nilipanda kwenye mizani, nikasimama wima kwenye ubao wa urefu, na Nesi akaandika pembeni: kovu la pasi, mkono wa kushoto. Kovu hilo unalijua. Liko kwenye mkono unaoandika barua hii, maana mimi ni mashoto.

Hayo ni ya utotoni na ni ya Mama, na Mama hakuwa na nia mbaya. Yanayofuata ni yangu. Miaka kumi iliyopita, nilipokuwa nachapa fomu, nilifika kwenye namba yako. Niliuona uzito wangu. Nililiona kovu langu kwa penseli. Nilikuwa na wiki mbili tu kazini, nikaogopa kuulizwa maswali. Nikachapa nilichokikuta, nikachukua fomu iliyofuata.

Na bado hilo ningeweza kuliita uoga wa mgeni. Miaka saba iliyopita ulikuja kwenye kipimo cha miaka ishirini na mitatu. Ulimwambia daktari kichwa kinakuuma mara kwa mara na kwamba unakumbuka uliwahi kuvimba uso ukiwa mdogo. Presha yako ilikuwa juu kidogo. Akafungua faili, akakuonyesha kwamba mwezi huohuo unaousema ulikuwa na kilo ishirini na saba, msichana mzima wa kupigiwa mfano, na kwamba watoto huchanganya kumbukumbu. Huenda aliyeumwa ni dada yako. Mimi siku hiyo nilikuwa nimeshika zamu kwenye meza ya mapokezi, hatua tatu kutoka ulipokuwa. Ukanigeukia ukaniuliza kama ni mimi niliyevimba uso. Nikasema sikumbuki.

Nilikumbuka. Nilikuwa nakumbuka hata gauni.

Walikupa vidonge vya kichwa ukaenda zako, wala mkojo wako haukupimwa. Nyumbani ulitutania kwamba wale watu wanayajua maisha yako kuliko wewe mwenyewe, na hukurudi tena. Mwaka uliofuata ulipobeba mimba miguu ilivimba, ukalazwa, na mwanangu akaja kabla ya wakati na kukaa wiki tatu kwenye chumba cha joto. Kila daktari aliyekuuliza kama uliwahi kuumwa utotoni, ulimjibu hapana. Ile hapana niliitia kinywani mwako mimi. Nimeishi nayo. Nilipokuwa nawatafuta wale sitini kwa bidii ile ambayo kila mtu anaisifia, nilikuwa nakutafuta wewe kwa kuzunguka, kwa sababu sikuwa na ujasiri wa kukujia moja kwa moja. Nisamehe ukiweza. Usipoweza, nitaelewa, ila usome hadi mwisho.

Baada ya kikao Profesa aliniita. Alinipa barua mbili. Moja ni ya onyo kali kwa kuficha kosa miaka kumi, nyingine ni ya kunipandisha cheo niongoze ukaguzi wa fomu zote elfu mbili mia moja na kumi na nne, penseli kwa penseli. Zote zina tarehe moja. Alisema asingeweza kuandika moja bila nyingine, na mimi nimezipokea zote kwa mikono miwili.

Jumapili Nesi Mizani alikuja nyumbani kumwona Mama. Nilidhani watagombana. Mama alimkaribisha, kisha akamwambia, "Ulikuwa umetoka mbali, sikutaka uje bure." Nesi alicheka mpaka machozi yakamtoka, akamwambia kama angejua angekaa hata siku tatu kumsubiri mtoto apone. Walishinda wakiongea habari zako. Mama alilia kidogo, halafu akauliza kama wanaweza kumpima na yeye magoti.

Faili lako nimelisahihisha mwenyewe. Kilo zangu nimezitoa. Penye miaka saba sasa pameandikwa kwamba alikuwa mgonjwa, amevimba uso, mkojo rangi ya kahawa, na hakupimwa. Chini yake nimeweka sahihi yangu kama shahidi. Kwa hiyo ulikuwa unakumbuka sawasawa, mdogo wangu, na faili ndilo lililokosea.

Tunakuja Jumamosi. Nesi Mizani amekataa kukabidhi funguo za chumba chake kabla hajakupima. Anasema hawezi kustaafu na sitini wakati waliomuudhi walikuwa sitini na mmoja. Atabeba mizani mwenyewe, kipimo cha presha, na vikopo vya mkojo. Daktari wa figo wa mji wenu ameshapigiwa simu na anakusubiri Jumatatu. Nimekuambia hakuna aliyechelewa kati ya wenzako, nami sitaki kusikia kwamba wewe ndiwe utakayeharibu hesabu ya Bwana Desimali.

Mbusu mwanangu. Mwambie mama yake mkubwa anakuja, na kama amepoteza jino asilitupe, kuna bibi atataka kuliandika. Msalimie sana shemeji, mwambie naomba aipokee barua hii kwa upole hata kama wewe utaitupa. Mama anakusalimu na anasema unywe maji.

Na Jumamosi tukibisha hodi, ukiwa na hasira una haki ya kunifungia mimi nje. Nitakaa hapo kibarazani kutwa. Yeye mfungulie.

Wako wa damu,
Dada yako